Mwanafunzi wa Miaka Miwili Asipunjwe Fasihi na Historia

Kuna fikra moja iliyoota mizizi humu nchini, na kila uchao inazidi kunyunyiziwa maji na watu ambao tungetarajia waing'oe. Fikra yenyewe ni kwamba fasihi, historia, falsafa na lugha ni masomo ya wale walio na nafasi. Mwenye kwenda chuo kikuu kwa miaka minne, huyo na asome riwaya akipenda. Bali yule wa stashahada, aliye na miaka miwili tu ya kujipatia ujuzi kisha akatoke kwenda kusaka riziki, huyo apewe spana, sindano au kompyuta, wala asipotezewe wakati. Wazazi wameipokea fikra hii. Watunga mitaala wameipokea. Hata baadhi ya walimu wa masomo hayo hayo, ambao ndio wangekuwa mawakili wake, utawasikia wakiinong'ona katika vyumba vya walimu.

Mimi siikubali. Naona kwamba kadiri muda wa mwanafunzi chuoni unavyokuwa mfupi ndivyo haki yake ya kupewa masomo haya inavyozidi kuwa kubwa, kwa kuwa yamkini hatapata mlango mwingine wa kuyafikia maishani mwake.

Tuafikiane kwanza juu ya jina. Masomo haya hayajapata jina moja lililokubaliwa na Waswahili wote. Wapo wayaitao sanaa, na papo hapo msikilizaji hufikiria uchoraji na ngoma. Wapo wayaitao sayansi za jamii, nayo yakachanganyika na uchumi na elimu ya siasa. Mimi nitayaita taaluma za utu. Utu ni neno letu la jadi, nalo limebeba maana mbili kwa pamoja: hali ya kuwa mtu, na hali ya kuwa mtu mwema. (Sidai kwamba kila aliyesoma falsafa ni mwema. Tunawajua waliosoma falsafa na wakatushinda kwa ulaghai.)

Hebu tutazame hali ilivyo kwetu. Kijana anayesomea stashahada ya umeme, ya uhasibu au ya usimamizi wa hoteli katika vyuo vyetu vya kiufundi aghalabu hukutana na somo moja tu linalokaribia taaluma hizi, nalo ni stadi za mawasiliano. Humo hufunzwa kuandika barua ya kuomba kazi, ripoti na kumbukumbu za mkutano. Hayo ni mambo ya lazima, wala siyabezi. Lakini humo hamna kitabu kizima kinachosomwa toka jalada hadi jalada, hamna hoja inayobishaniwa hadi kengele ilie, hamna tukio la kale linalochunguzwa ili ijulikane lilitukia kwa nini. Kijana huhitimu akiwa na miaka 21 au 22, ilhali hadithi ya mwisho aliyoisoma ni ile ya mtihani wa kidato cha nne, tena pengine aliisoma katika mwongozo wala si katika kitabu chenyewe. Mwenzake wa chuo kikuu ana afueni, maana baadhi ya vyuo vikuu vyetu huwalazimu wanafunzi wa fani zote, hata wahandisi, kupitia walau misingi ya falsafa. Hivyo aliye na mengi ameongezewa, na aliye na machache amenyimwa.

Watetezi wa utaratibu huu hupenda kutuelekeza ng'ambo. Husema kwamba nchi zilizoendelea zilipiga hatua kwa sababu ziliwafunza vijana wao kazi za mikono, na kwamba Marekani hasa ina vyuo vya miaka miwili vinavyotoa mafundi kwa maelfu. Ni kweli vyuo hivyo vipo, tena vinakaribia elfu moja au zaidi kidogo, navyo huitwa vyuo vya jamii. Basi na twende huko huko Marekani tukajionee kinachofundishwa ndani yake.

Chuo kikongwe kabisa cha umma cha aina hiyo ambacho kingali hai ni kile cha Joliet katika jimbo la Illinois. Kilianza mwaka 1901 ndani ya shule ya upili ya mji huo, kikiwa na wanafunzi 6. Waliokiasisi ni mkuu wa shule hiyo, J. Stanley Brown, na rais wa Chuo Kikuu cha Chicago wakati huo, William Rainey Harper. Nia yao haikuwa kutoa maseremala. Walitaka vijana wa Joliet wasome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama kwao. Masomo ya ufundi yalikuja kuchukua nafasi kubwa baadaye, hasa wakati wa dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930 na baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo asemaye kwamba katika vyuo hivi taaluma za utu ni mgeni aliyejipenyeza, ameisoma historia kinyumenyume. Mwenyeji alikuwa yeye.

Vita vilipokwisha, Rais Harry Truman aliunda tume ya kuchunguza elimu ya juu, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1947. Tume hiyo ndiyo iliyolipa umaarufu jina la vyuo vya jamii, na ikapendekeza kwamba elimu ya umma iwe bila malipo hadi mwisho wa miaka hiyo miwili ya chuo. Zingatia wakati wenyewe. Askari walikuwa wamerudi kutoka vitani kwa mamilioni, wakitaka kazi na nyumba. Kama kuna siku ambapo serikali ingeweza kusema, "Wafunzeni hawa ufundi tu, mengine baadaye," basi ni siku hiyo. Tume haikusema hivyo. Ilishikilia kwamba elimu ya kazi na elimu ya jumla ziende sanjari, kwa sababu mtu yule yule atakayekarabati mitambo ndiye atakayepiga kura na kulea watoto.

Msimamo huo haukubaki katika makaratasi. Shirika linaloidhinisha vyuo katika majimbo ya kusini mwa Marekani, yakiwemo Texas na Georgia, linataka shahada ya miaka miwili iwe na krediti zisizopungua 60, na miongoni mwa hizo zisizopungua 15 ziwe za elimu ya jumla. Tena linataka humo mpatikane walau somo moja la taaluma za utu au sanaa. Anayetaka cheti cha muda mfupi cha ufundi husamehewa sharti hili. Anayetaka shahada hasamehewi, awe wa fasihi au wa kurekebisha mitambo ya kupoza hewa. Wakenya si haba waliokwenda huko kusomea uuguzi katika vyuo hivi wanaijua habari hii vizuri kuliko mimi. Muuguzi mwanafunzi, baada ya kushinda na mifupa na dawa, hujikuta jioni darasani na insha ya kuandika juu ya tamthilia au juu ya maana ya haki.

Kwa yule anayesomea shahada ya fani za jumla ili ahamie chuo kikuu baadaye, sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Huko Texas, kwa mfano, mtaala wa msingi una krediti 42. Krediti 6 ni za uandishi na mawasiliano, 6 za historia ya Marekani, 3 za lugha, falsafa na utamaduni, na 3 za sanaa za ubunifu. Krediti 3 maana yake ni takriban saa tatu za darasani kila juma kwa muhula mzima. Ukijumlisha, utaona kwamba mtoto wa mfanyakazi wa kawaida, aendaye chuo cha karibu na kwao kwa basi, husoma mambo ambayo sisi tumewatengea wachache.

Na hebu tumtaje mmoja aliyepitia mlango huo. Gwendolyn Brooks alizaliwa mwaka 1917, akalelewa katika mitaa ya Weusi ya kusini mwa Chicago. Babake alikuwa mfagiaji na mtunza jengo. Mwaka 1936 alihitimu katika chuo cha miaka miwili cha Wilson, mjini humo humo, ambacho leo kinaitwa Kennedy-King, na hakuendelea kusomea shahada ya miaka minne. Baada ya hapo alifanya kazi za nyumba za watu na za kupiga chapa. Mwaka 1950 akawa mtu mweusi wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pulitzer, kwa diwani yake Annie Allen. Na tangu 1968 hadi alipofariki mwaka 2000 alikuwa mshairi rasmi wa jimbo la Illinois. Mwaka 1971 alisafiri hadi huku kwetu Afrika Mashariki, na habari za safari hiyo zimo katika tawasifu yake Report from Part One, iliyotoka mwaka uliofuata. Sisemi kwamba chuo ndicho kilichompa kipaji, kwani alianza kuchapisha mashairi akiwa na miaka 13. Ninalosema ni kwamba miaka miwili ilimtosha kujengewa msingi, na kwamba hapana aliyemwambia binti wa mfagiaji kuwa mashairi si ya watu wa darasa lake.

Waama, vyuo hivyo si pepo. Takriban thuluthi mbili za walimu wake ni vibarua wa muda, wanaokimbia kutoka chuo hiki hadi kile wakiwa na madaftari ya insha ndani ya buti la gari. Na somo la uandishi halifundishiki vyema na mtu asiye na ofisi wala nafasi ya kuketi na mwanafunzi. Isitoshe, wengi wa wanafunzi huingia wakinuia kuhamia chuo kikuu, lakini wanaofanikiwa kuhama hawazidi thuluthi moja hivi. Ripoti ya wakaguzi wa serikali ya nchi hiyo ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba wanaohama kutoka chuo kimoja hadi kingine hupoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya krediti walizokwisha kuzipata. Na ile shahada ya fani za jumla, ambayo huchukua zaidi ya thuluthi ya shahada zote za miaka miwili, mara nyingine ni kapu tu la kutilia masomo yasiyo na mpango. Tukiiga, basi tuchague cha kuiga. Cha kuiga ni lile sharti: kwamba hapana shahada, hata iwe fupi namna gani, isiyo na kitabu ndani yake.

Lakini kwa nini liwepo sharti? Nitatoa mfano wa hapa nyumbani, maana mifano ya mbali huchosha.

Chukua kijana aliyehitimu stashahada ya upimaji ardhi, akapangiwa kazi huko Kilifi au Kwale. Anajua kutumia vyombo vyake. Pembe na masafa hayampigi chenga. Siku ya kwanza anafika shambani na kuwakuta wazee wamekaa juu ya mipaka anayotaka kuiwekea alama. Wanamwambia kwamba mababu wao wamezikwa hapo. Hati aliyo nayo mkononi inasema shamba ni la mtu mwingine kabisa. Yeye haelewi, anadhani wazee ni wakaidi, au wamelewa tembo. Laiti angefundishwa muhula mmoja tu wa historia, angejua kwamba mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za ardhi kwa ule ukanda wa maili kumi wa pwani, ikawataka wenye madai wajitokeze kuyasajili. Kwamba wengi miongoni mwa Wamijikenda hawakusajili chochote, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Mwingereza. Na kwamba hapo ndipo wenyeji wengi walipogeuka kuwa maskwota penye makaburi ya wazazi wao. Historia hiyo haitambadilishia vipimo hata kwa inchi moja. Itambadilishia namna ya kusalimu, namna ya kusikiliza, na namna ya kuandika ripoti ambayo mkubwa wake ataisoma. Huenda pia ikamwepusha na panga.

Au mchukue tabibu wa zahanati. Mama mzee anamwambia, "Mwanangu, nimechoka tu." Tabibu aliyezoea kusoma maneno kama yalivyoandikwa ataandika kwamba mgonjwa ana uchovu, ampe vidonge vya kuongeza damu. Aliyewahi kukaa na tamthilia nzuri, akaulizwa na mwalimu, "Mhusika huyu anasema nini, na anaficha nini?" atavuta kiti akae. Pengine mama huyo amefiwa. Pengine halishwi. Kusikia kisichosemwa ni ujuzi unaofundishika, na fasihi ndiyo maabara yake.

Najua nitajibiwa. Mzazi aliyeuza ng'ombe wawili ili mwanawe asomee umakanika atauliza ng'ombe hao wanaingiaje katika tamthilia. Swali lake ni la haki, na asiyelijibu kwa heshima hastahili kusikilizwa. Nami namjibu hivi: siombi mwanao aache gereji akasomee ushairi. Naomba saa tatu kwa juma, kwa mihula miwili kati ya ile atakayokaa chuoni. Gari litatengenezwa. Isitoshe, mitambo atakayofunzwa leo si ile atakayoikuta baada ya miaka kumi. Waliosomea kabureta waliamka siku moja wakakuta injini zimejaa kompyuta. Waliofaulu kuvuka ni wale walioweza kuchukua kitabu kigeni wakakisoma peke yao na kukielewa. Uwezo huo haukai katika mkono.

Wapo pia watakaosema kwamba haya ni mageni kwetu. Sio mageni. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 tulikuwa na miaka miwili yetu wenyewe, yaani kidato cha tano na cha sita, ambavyo mitihani yake ya mwisho ilifanywa mwaka 1989. Mwanafunzi alichagua masomo yake makuu, lakini hata yule aliyezama katika fizikia na hesabu alitakiwa kufanya karatasi moja ya maarifa ya jumla, akaandika insha juu ya mambo ya dunia na kuzitetea rai zake. Wahandisi na madaktari wetu wengi ambao sasa wana mvi walipita hapo. Ukitaka kujua kama karatasi ile iliwadhuru, waulize.

Jambo hili limekuwa la dharura kwa sababu ya mabadiliko yanayoendelea katika shule zetu. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10 katika sekondari pevu, wakiwa wamegawanywa katika mikondo mitatu. Serikali ilinuia asilimia 60 waende mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, asilimia 25 sayansi za jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo. Kiswahili na Kiingereza wanabaki nazo kama lugha, lakini Fasihi ya Kiswahili imewekwa kuwa somo la kuchagua katika mkondo wa sayansi za jamii, na historia vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba wengi wataagana na historia wakiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, kabla hawajakomaa vya kutosha kuuliza kilichowapata babu zao. Kundi hilo litaanza kubisha hodi katika vyuo vya kiufundi mwaka 2029. Iwapo huko nako hawatakuta kitu, basi tumewafungia mlango wa mwisho.

Muda wa kujitayarisha upo, japo si mwingi. Mitaala ya stashahada hupitiwa mara kwa mara; wanaoipitia waongeze masomo mawili ya lazima, moja la fasihi na uandishi, jingine la historia na maadili ya kazi yenyewe anayosomea mwanafunzi. Wala yasiwe ya kukariri. Yapimwe kwa insha iliyosahihishwa, ikarudishwa, ikaandikwa upya, maana hapo ndipo mtu hujifunza kufikiri kwa kalamu. Kiswahili kitumike bila haya. Vijana wengi huandika Kiingereza cha woga, na woga huua hoja. Walimu hawatakosekana. Wamejaa vijijini waliohitimu kufundisha historia na fasihi, wakingoja ajira mwaka baada ya mwaka, baadhi wakiuza simu na wengine wakiendesha bodaboda.

Na wakufunzi wanaosoma safu hii hawana haja ya kungoja waraka kutoka wizarani. Ijumaa alasiri karakana nyingi hufungwa mapema. Saa moja hapo inatosha kuanzia: wanafunzi ishirini, riwaya moja fupi ya Kiswahili ambayo nakala zake zapatikana maktabani au kwa kuchangiana, na kazi ya juma ya kurasa mbili kwa kila mmoja. Wa upimaji ardhi na waanze na ile sheria ya 1908.